Ng'ambo ya Waiyaki Way

Mimi ni mtu wa hasira za karibu na sijawahi kuficha. Vijana wa darasa langu la Jumamosi walilijua hilo siku ya kwanza, nilipomrudisha mmoja wao nje kwa kuingia bila kubisha. Akabisha. Nikauliza, "Nani?" Akasema, "Ni mimi." Nikamrudisha tena.

Nawaita watoto, lakini wote walikuwa wamemaliza kidato cha nne. Wengine walimaliza mwaka uliotangulia, wengine miaka mitatu nyuma, na tangu hapo walikuwa hapa Kangemi wakibeba mawe kwa mijengo, wakiosha magari, wakilea watoto wa dada zao. Nina kibanda karibu na steji ya matatu ambapo napiga chapa na kutoa fotokopi. Walikuwa wanakuja kuchapiwa barua za kuomba kazi, nami nikizisoma naumwa na kichwa. Kijana wa Kangemi anaandika kwamba wakati wake wa mapumziko hupenda kuogelea. Aogelee wapi? Mto gani? Nikaona heri niombe ukumbi ulio nyuma ya kanisa, wenye viti vya plastiki na meza moja, na kila Jumamosi saa nane mchana nikawa nawafundisha jinsi ya kwenda intavyu na kurudi na kazi.

Sikusomea ualimu. Nilikaa mapokezi ya ofisi moja mjini miaka ishirini na miwili, na ukikaa mlangoni muda huo wote unajua nani ataajiriwa kabla hajaingia kwenye lifti. Niliwafundisha kubisha, kusalimia bila kunong'ona, kungoja waambiwe waketi, wasiweke bahasha zao juu ya meza ya mwenyewe. Salamu ya "Niaje" niliwaambia waiache nyumbani. Tulikuwa na koti moja jeusi la mitumba, la darasa zima. Aliyeitwa intavyu alikuja kulichukua kwangu na kulirudisha likiwa safi. Wavulana liliwabana mabega, wasichana walikunja mikono yake kwa ndani, lakini ukikaa nalo vizuri kwenye kiti ulionekana mtu wa ofisi.

Maswali yangu yalikuwa tisa, nami ndiye nilikuwa bosi. Swali la nne ndilo lilikuwa jepesi kuliko yote, na ndilo nililolifundisha kwa ukali zaidi.

"Unaishi wapi?"

"Kangemi."

Hapo nilikuwa napiga meza kwa kiganja. "Toka. Kazi imepewa mwingine."

Kisha nawaeleza. Ukivuka Waiyaki Way uko Loresho. Ni barabara tu katikati. Huku ni mabati, mitaro na kelele, kule ni miti, mageti na mbwa waliopelekwa kwa daktari. "Wewe unaishi Loresho," niliwaambia. "Kwenye barua, Loresho. Ukiulizwa, Loresho. Na ukishasema, nyamaza, usiongeze neno."

Wasiojua maisha yangu watasema nilikuwa nawafundisha watoto kujidharau. Ngoja niseme nilikotoa somo hilo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, bosi aliniletea mfuko wa barua za maombi nizipange. Nikamuuliza nizipange kwa alama za mtihani au kwa herufi. Akaniambia, bila ubaya wowote usoni, "Anza na wanakokaa." Kangemi, Kawangware na Dagoretti nikaweka upande huu. Lavington, Kileleshwa na Loresho nikaweka upande ule. Rundo la kwanza halikusomwa na mtu. Tuliligeuza, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiandika ujumbe wa simu nyuma ya vyeti vya watu wa mtaa wangu.

Maana mimi mwenyewe nilikuwa wa Kangemi. Kwenye fomu yangu nilikuwa nimeandika Loresho kwa sababu binamu yangu aliyenitoa Kakamega aliniambia hivyo, na ndivyo nilivyobaki kwa miaka ishirini na miwili. Mama yangu alipofariki, wenzangu wa ofisini walichanga, wakataka kuja kunipa pole nyumbani. Nikawaambia matanga yako Kakamega. Hayakuwa Kakamega bado. Yalikuwa hapa hapa, watu wamejaa uani kwenye mabenchi ya kukodi, wanaimba, na mimi nikakaa katikati yao bila hata mwenzangu mmoja wa kazini. Nilijiambia hiyo ndiyo bei. Watu wengine hulipa kubwa zaidi.

Kwa hivyo nilipofundisha swali la nne nilikuwa na uhakika kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakucheka wenzake walipocheka. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alikuwa na sauti safi ya mtu anayeweza kusoma taarifa ya habari. Mama yake nilimjua kwa kumwona kanisani. Alikuwa mfua nguo. Siku nyingine alifua Kinoo, lakini kila Jumatano na Ijumaa alikuwa na nyumba yake ya kudumu Loresho, ya mtu na mkewe ambao wote ni madaktari.

"Mwalimu," msichana akasema, "mama yangu ndiye anaenda Loresho. Mimi nikisema naishi huko, si nitakuwa nadanganya?"

"Wewe umewahi kufika?"

"Likizo nilikuwa nikienda naye. Namsaidia kuanika."

"Basi unapajua kuliko wenyewe wanaopita na gari. Unaishi wapi?"

Akaweka mabega sawa. "Loresho."

"Tena."

"Loresho."

Kijana wa nyuma akauliza, "Na wakiuliza nyumba gani?"

"Hakuna bosi anayeuliza nyumba," nikamjibu. "Bosi ana kazi zake."

Huyo msichana alikuwa ameenda intavyu mara mbili kabla ya kuja kwangu. Mara zote mbili alisema Kangemi na mara zote mbili aliambiwa atapigiwa simu. Nilimwambia sababu ni hiyo. Sikujua kama ni hiyo. Nilisema tu, kwa ile sauti yangu, na mtoto akaamini.

Na alihitaji kuamini kitu. Vidole vya mama yake vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika asubuhi. Kwenye zahanati walimwambia aachane na maji baridi. Aachane nayo aende wapi? Nyumbani kulikuwa na wadogo wawili bado wako shule, na aliyemaliza ni huyu mmoja. Akipata kazi, mama angepumzisha mikono. Asipopata, mama angeendelea kufua mpaka mikono iamue yenyewe. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na sisi wote darasani tulilijua.

Akaitwa na duka la miwani, katikati ya mji, vichochoro viwili kutoka Mtaa wa Biashara. Walitaka mtu wa kukaa mapokezi. Kazi yangu kabisa. Nilivimba kichwa, siwezi kudanganya. Siku ya Jumanne alikuja kibandani kuchukua koti, nikamkalisha kwenye stuli, nikamuuliza maswali yote tisa mara mbili. La nne alilijibu bila kupepesa jicho. Nikamwambia, "Nenda ukalete hiyo kazi."

Intavyu ilikuwa Jumatano saa nane mchana. Jioni nilingoja anipigie, hakupiga. Nikadhani hakupata, nikajiandaa kumtuliza, nikapanga hata maneno.

Alhamisi asubuhi aliyekuja kibandani ni mama yake. Alikuwa amebeba koti letu, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa ndani ya gazeti. Nilimvutia stuli. Hakuketi mara moja. Alisimama akitazama mashine ya fotokopi kana kwamba ndiyo aliyekuja kuiona.

"Mwalimu, nimeleta koti," akasema. "Asante kwa kutusaidia."

"Amekwama wapi mtoto?"

"Hajakwama." Ndipo akaketi. "Ngoja nikwambie vizuri, kwa sababu yeye hawezi kukwambia. Amekesha analia."

Mwenye duka ni mama wa Kihindi, mtu wa makamo. Alimhoji mwenyewe na akampenda. Alimuuliza anaishi wapi. Mtoto akasema Loresho, akanyamaza kama nilivyomfunza. Yule mama akafurahi. Akamwambia, kumbe sisi ni majirani, mimi pia niko Loresho. Na kwa kuwa mtoto ndiye alikuwa wa mwisho kuhojiwa, na siku hiyo mwenye duka alikuwa anafunga mapema, na nje mvua ilikuwa imeanza, akamwambia twende, njia yetu ni moja.

Nilizima mashine ya fotokopi.

"Alijaribu," mama yake akasema. "Alimwambia amwache tu kwa barabara. Huyo mama akakataa. Akamwambia mtoto wa mtu hawezi kuachwa kwa mvua. Atamfikisha mpaka kwao."

Walipoingia Loresho, akamuuliza ni upande gani. Mtoto angesema nini? Geti analolijua Loresho nzima ni moja, lile la kijani, la nyumba anayofua mama yake. Akamwelekeza. Nyoosha, pinda kushoto, hapo penye mti wa zambarau. Gari likasimama. Mtoto akashuka, akashukuru, akafunga mlango wa gari, akasimama kwa mvua akingoja gari liondoke. Gari halikuondoka. Yule mama alikuwa na tabia nzuri, ile ya kungoja mpaka aone mtoto ameingia ndani. Akashusha kioo akamwambia, "Bisha, wakufungulie, unalowa."

"Akabisha," mama yake akasema. "Mimi nilikuwa napiga pasi. Wenyewe wako kazini, na mchana hakuna askari, kwa hivyo geti nafungua mimi. Nikajitupia leso kichwani nikatoka. Nafungua, namwona mtoto wangu na gari kubwa nyuma yake. Nikajua amepata ajali, wamemleta. Nikafungua mdomo nimwite. Akaniwahi."

Alisugua vidole vyake, kimoja kimoja, kama anavyofanya kanisani wakati wa mahubiri.

"Akasema, 'Asante anti, nimefika.'"

Mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Anti ndivyo watoto wa nyumba zile wanavyomwita mwanamke anayewafulia na kuwapikia. Hana jina lingine. Akiondoka, anayekuja baada yake pia anaitwa anti.

"Nikaelewa hapo hapo," akasema. "Unajua sikuwaza. Nilimpokea bahasha nikamwambia, 'Karibu, madamu. Chakula kiko tayari.' Huyo mama akanipungia mkono. Nikampungia. Akaenda."

"Halafu?"

"Halafu tukasimama nyuma ya geti. Yeye ananiangalia, mimi namwangalia. Nikamwambia ajifiche kwenye banda la kuni kidogo, gari lifike mbali, maana madaktari wangeweza kurudi. Nikamvua koti lililolowa, nikalifua, nikarudi kupiga pasi. Baadaye nikatoka, alikuwa ameenda. Nyumbani usiku alinieleza yote akilia, na tangu hapo hatujaongea."

Uso uliniwaka. Nilitamani anitukane. Mimi ningetukana. Ningekuja na kelele, majirani watoke nje, nimuulize huyu mwalimu anafundisha watoto nini humo kanisani. Yeye alikuwa ameketi ameshika magoti, na koti kalileta limepigwa pasi, na nilijua mahali lilipopigwa hiyo pasi.

"Nitampigia huyo mama," nikamwambia. "Nitamwambia ukweli. Nitamwambia ni mimi niliyemfundisha, mtoto hana makosa."

"Usithubutu."

"Dada yangu..."

"Mwalimu. Usithubutu. Nimeshaitwa anti, imekwisha. Unataka niwe nimeitwa bure?"

Hatukumaliza. Simu yangu ikalia. Sasa, simu yangu iliwahi kuanguka ndani ya beseni, na tangu hapo haisikiki mpaka niweke sauti ya nje. Kangemi nzima inajua mambo yangu kwa sababu ya hiyo simu. Na kwenye barua za vijana wote, mtu wa kuulizwa habari zao ni mimi. Nikapokea. Sauti ya mwanamke, taratibu, yenye adabu, ikajaza kibanda.

"Habari ya asubuhi. Naongea na mwalimu? Niko na duka la miwani mjini. Kuna msichana alikuja kwangu jana."

Mama yake akaweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe.

Nikasema ndiyo, namjua, ni mtoto mzuri, ana heshima, hachelewi. Yote hayo yalikuwa kweli na niliyasema haraka. Yule mama akacheka kidogo. Akasema hata yeye amemwona hivyo. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu hunirudia.

"Mimi nilikuwa nimeambia watu wanitafutie mtu wa upande wetu tu. Hata Kangemi, hata Kinoo, mahali popote hapo Waiyaki Way. Wanaotoka mbali wanachelewa, na mimi asubuhi naweza kubeba mtu kwa gari. Nikapata huyu wa hapo karibu, nikafurahi."

Hata Kangemi. Alilisema hivyo hivyo, kwa wepesi. Nilimtazama mama wa mtoto, naye alikuwa amelisikia. Kama mtoto angekuwa amesema ukweli angepata kazi ile ile na kushushiwa steji, mbele ya kibanda changu, na mama yake angetoka na jina lake.

Ningeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nilivuta pumzi niseme. Lakini yule mama hakuwa amemaliza.

"Nakuuliza ukweli, mwalimu, maana kitu kimoja siwezi ni uongo. Wa kwanza nilimfukuza kwa hiyo. Si wizi, uongo tu, vitu vidogo vidogo. Huyu nimpe kazi? Ni mtu wa kweli?"

"Ni mtu wa kweli," nikasema.

"Sawa. Na kwao nimeona ni watu wazuri. Yule mama aliyemfungulia, ni mfanyakazi wao?"

Nilimwangalia. Aliyekuwa ameketi mbele yangu kwenye stuli, mikono yake imevimba kwenye vifundo, akatikisa kichwa kunihimiza. Mara moja, mara ya pili. Sema.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mfanyakazi wao."

"Unamjua?"

"Namjua. Amekaa nao miaka mingi."

"Inaonekana. Unajua, alipofungua geti, mtoto kola ya koti ilikuwa imejikunja. Akamnyooshea. Kwa mvua hivyo. Nikasema, huyu ndiye amemlea, kwa kweli. Hawa watu wanapenda hawa watoto kama wa kwao wenyewe."

Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilisema ndiyo tena. Akasema mtoto aanze Jumatatu, saa mbili, akanishukuru, akakata.

Magari yalikuwa yakipita nje na mtu alikuwa akiita abiria. Mama wa mtoto alibaki ameketi kwa muda. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso haukuwa na kilio, yalikuwa yanashuka tu.

"Kola sikumbuki," akasema. "Nilimnyooshea kola?"

"Amesema hivyo."

"Basi sikuigiza vizuri." Akajifuta kwa ncha ya leso, akasimama. "Lakini amepata. Si amepata?"

"Amepata. Jumatatu."

"Asante, mwalimu." Na akanipa mkono. Nimewahi kushikwa mkono na watu wakubwa wa ofisi, na hakuna aliyeniacha na aibu kama hiyo.

Jumamosi msichana alikuja darasani, wenzake wakampigia makofi. Aliketi nyuma, hakuinua macho. Wengine walipoondoka nikamwambia abaki tupange viti. Tulivipanga vyote. Mwishowe akaanza yeye.

"Kwenye gari nilitaka kumwambia, mwalimu. Kila tukifika mahali nasema, hapa sasa nitamwambia. Lakini alikuwa ananiambia vile amefurahi. Na nilikuwa nasikia sauti yako ikiniambia nisiongeze neno."

"Ungeongeza," nikamwambia, na nikajichukia nikilisema. Maana ningemgombeza kama angeongeza. Kuanzia siku hiyo swali la nne nililifuta. Vijana waliuliza kwa nini yamebaki manane, nikawaambia wakae sawa kwenye viti. Sikuwaambia sababu. Sikuwa na ujasiri huo, na hata sasa ninayaandika haya kwa kuwa karatasi hainitazami usoni.

Kazi aliishika vizuri. Hilo lazima niseme. Kufikia mwezi wake wa tatu yule mama alikuwa anamwachia funguo za duka. Nyumbani mtoto alinunua mtungi wa gesi, akalipa ada ya wadogo wake, akamwambia mama aache nyumba za Kinoo, naye akaziacha. Ile ya Loresho hakuiacha. Nilidhani ni mazoea. Kumbe kila Jumatano na Ijumaa yule mwenye duka humleta mtoto kwa gari jioni, na lazima kuwe na mtu wa kufungua geti la kijani. Asubuhi mtoto humngojea bosi barabarani, na jioni za siku nyingine hudai ana shughuli mjini. Lakini hawezi kudai hivyo kila siku, na madaktari hurudi usiku, kwa hivyo hizo siku mbili mama yake anabaki pale na pasi mpaka asikie gari. Halafu wanatembea wote wawili mpaka Waiyaki Way, wanavuka, wanafika nyumbani. Wakiwa njiani wanaongea sasa, mtoto aliniambia. Getini ndipo hawaongei.

Ikafika sikukuu ya Wahindi, ile ya taa. Kesho yake, asubuhi mapema, nilikuwa nafungua kibanda nikamwona mama yake anakuja na sanduku mkononi, jekundu, limefungwa utepe wa dhahabu. Nilijua ni peremende zao zile za maziwa, ofisini kwetu pia zilikuwa zikiletwa. Nikamwambia, "Leo tumeletewa vitamu."

Hakutabasamu. Aliliweka juu ya mashine ya fotokopi. Utepe ulikuwa haujaguswa, na kulikuwa na kikadi kidogo kimechomekwa. Nikavaa miwani nikakisoma. Kiliandikwa kwa kalamu, kwa mkono mzuri wa mtu aliyesoma zamani: Kwa anti wa nyumbani, asante kwa kumtunza mtoto wetu.

"Bosi amempa alete nyumbani," akasema. "Kamwambia ni za yule mfanyakazi wao, asizile yeye."

"Si ni zako, basi. Kula."

"Sio zangu. Mimi mwanangu ana kazi, kwangu mimi si mfanyakazi wa mtu." Alilisukuma sanduku kwangu kwa ncha za vidole. "Huyo anti simjui. Wewe ndiye ulisema kwenye simu unamjua. Mpelekee."

Kisha akafunga leso yake vizuri akavuka barabara, maana ilikuwa Jumatano.